Milia Iliyolala

Ukimkuta Profesa amesimama kwenye kaunta ya duka, risiti ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyetoa nzi kwenye chai yake, hama foleni. Hapo hamtoki leo. Ataipeleka risiti kwenye mwanga, ataigeuza, ataikwaruza kwa ukucha aone inavyogeuka nyeusi, kisha atamuuliza binti wa kaunta, "Hii mnaiita risiti?" Binti ataitazama, ataona sabuni mbili na kiberiti, atasema ndiyo. "Kuna nukta imekufa humu," Profesa atamwambia, akimwonyesha mstari mweupe mwembamba kuliko unywele unaoshuka katikati ya maandishi. "Mna maiti ndani ya mashine na bado mnahudumia watu." Siku moja alitoka dukani kwa hasira za namna hiyo, akafika nyumbani na risiti mkononi. Sabuni alikuwa ameziacha.

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alimaliza kidato cha nne, akasoma ufundi miaka miwili, akapata cheti chenye alama ambazo hata mkewe hajawahi kuonyeshwa. Jina hilo alipewa na dereva wa karakana, aliyekalishwa kitako dakika arobaini akifundishwa kwa nini karatasi ya gari iliyobandikwa kwenye kioo chake ilichapwa vibaya. Dereva alitoka pale akasema, "Jamani, tuna profesa." Watu wakacheka wiki nzima. Karakana nzima ilijua kwamba jina lile ni la kejeli, isipokuwa mwenye jina. Yeye alichukua kalamu isiyofutika akaliandika kwenye kikombe chake.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jengo la ofisi za bima, dirisha moja likitazama matangi ya maji. Walitengeneza printa za joto, zile ndogo zinazotoa risiti dukani, tiketi, na lebo za kubandika. Printa hizo hazina wino. Zina kichwa cha kuchapia, ukanda mwembamba wenye mamia ya nukta zilizopangwa mstari mmoja. Nukta ikipata moto, karatasi inayopita chini yake hugeuka nyeusi mahali hapo. Nukta ikifa, huacha mstari mweupe kuanzia mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Kila mashine iliyotengenezwa ilipita kwanza mezani kwa Profesa, na bila sahihi yake haikutoka.

Meza hiyo ndiyo ilimvimbisha kichwa. Mafundi wengine walikuwa wakibonyeza kitufe cha printa, ikatoa ile karatasi ya majaribio iliyotoka nayo kiwandani, wakaona maandishi yanasomeka, basi. Profesa aliita hiyo mitihani ya kujisahihisha mwenyewe. Yeye alikuwa na karatasi yake aliyoichora kwa kompyuta miaka kumi na mmoja iliyopita, wakati wateja wao karibu wote walikuwa wenye maduka wanaochapa lebo za bei. Juu kulikuwa na bamba jeusi la upana wote, mahali ambapo nukta iliyokufa haina pa kujificha. Likafuata eneo la miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Kisha mstari wa mshazari unaotoka pembe hadi pembe na kuigusa kila nukta kwa zamu yake, mistari myembamba iliyosimama, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na vivuli vya kijivu kuanzia hafifu hadi kiza. Chini kabisa kulikuwa na msimbo wa milia, ile milia myeusi, minene na myembamba, ambayo skana huisoma na kulia "pii". Alikuwa ameirekebisha karatasi hiyo mara kumi. Kichwani iliandikwa "Toleo la Kumi na Moja", na chini, kwa herufi zisizo ndogo hata kidogo, jina lake lote.

Watu wengine walikuwa na picha za watoto wao ukutani. Profesa ana watoto pacha, wakubwa sasa, wanafanya kazi mbali, na ukutani pake zilikuwepo karatasi kumi na moja.

Mtu wa namna hii huwezi kumwambia kitu. Mteja akirudi na malalamiko, Profesa humsikiliza huku akitazama viatu vyake, kisha humuuliza kama anajua kusoma. Meneja akimuuliza jambo, humjibu kwa sauti ya kumweleza mtoto. Spana, fundi mwenzake wa kike, anayeitwa hivyo kwa sababu hukaza kauli zake hadi mwisho, aliwahi kumshauri aongeze kitu fulani kwenye karatasi yake. Leo hakuna anayekumbuka ni kitu gani, kwa sababu Profesa hakumwacha amalize sentensi.

Basi ikaja ile printa ya hospitali.

Ilitoka maabara, chumba cha kupokelea sampuli, mahali ambapo damu ya mgonjwa hutiwa kwenye kichupa na kichupa hubandikwa lebo yenye msimbo wa milia. Iliambatana na barua. Kamati ya nidhamu ya hospitali ilitaka kujibiwa swali moja: mashine hii ni nzima au si nzima? Mpokeaji wa sampuli alikuwa ameingiza namba ya kichupa kimoja kwa mkono, akakosea tarakimu moja, na majibu ya mgonjwa mmoja yakaenda kwa mwingine. Mtu asiyeumwa alikuwa amemeza dawa za watu siku tisa kabla ya daktari kushtuka. Mpokeaji alijitetea kwamba skana ilikuwa ikizikataa lebo. Kamati ingekaa Ijumaa saa nne asubuhi. Ikithibitika kwamba mashine ilikuwa mbovu, angepewa onyo. Ikithibitika kwamba ni nzima, kazi basi, baada ya miaka kumi na minne.

Mpokeaji huyo alikuwa mdogo wake mke wa Profesa.

Mtu mwingine angesema, jamani, huyu ni shemeji yangu, mpeni fundi mwingine aipime. Profesa hakusema. Moyoni alifurahi. Alijiona tayari akisimuliwa kama mtu asiyeangalia sura wala undugu, na kusema kweli shemeji mwenyewe hakuwahi kumpenda. Alimwona mwanamke mwepesi, anayecheka na kila mtu, anayepiga printa kofi ubavuni ikigoma. Lile kofi Profesa alilishuhudia mwenyewe mara moja alipokwenda kupima damu, na miaka mitatu baadaye alikuwa bado hajalimeza.

Jumanne shemeji akaja karakana, amevaa sare yake nyeupe, mkoba begani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba upendeleo, umechosha miguu yako bure."

"Sikuja kuomba upendeleo. Nimekuja kukueleza inavyofanya, usije ukaipima bila kujua." Akavuta kiti mwenyewe, maana hakukaribishwa. "Asubuhi mapema inakwenda vizuri tu. Ikifika kama saa nne, watu wamejaa, imeshachapa lebo mia na zaidi, skana inaanza kuchagua. Hii inasoma, hii haisomi. Mchana ndiyo haisomi kabisa. Sasa mtu yuko mbele yangu anatoka damu, nitamwambia asubiri mashine ipoe?"

"Mashine haichoki," Profesa alisema. "Watu ndio huchoka."

Spana, aliyekuwa meza ya pili, aliinua kichwa. Kisha akakirudisha kwenye kazi yake, kwa kuwa alikuwa na kazi na anamjua mwenzake.

Profesa aliifungua printa, akakifuta kichwa cha kuchapia kwa pamba na spiriti, akaweka karatasi, akachapa Toleo la Kumi na Moja. Akaichukua karatasi kwa mikono miwili, akailaza chini ya taa, akashusha kioo cha kukuzia. Bamba jeusi halikuwa na mstari mweupe hata mmoja. Mshazari haukukatika popote. Herufi za mayai ya chawa zilisomeka. Akaipitisha skana juu ya milia, ikalia "pii". Akarudia mara tano, akimtazama shemeji yake kila ilipolia.

Shemeji alikuwa ameinama juu ya karatasi. "Hapa milia yenu imesimama," alisema.

"Ndivyo milia inavyokuwa."

"Yetu imelala. Lebo ya kichupa ni nyembamba na ndefu, inatoka kwa urefu. Milia inakwenda hivi." Akaonyesha kwa kiganja, kutoka kushoto kwenda kulia. "Sijui kama ina maana yoyote. Nauliza tu."

Profesa alicheka. Alikuwa na kicheko chake maalumu cha puani, kifupi, ambacho mkewe amekivumilia miaka thelathini na moja. "Shemeji, wewe ukilala kitandani unakuwa mtu mwingine?"

"Hapana."

"Mlia nao ni mlia."

Profesa akachukua fomu, na mahali palipoandikwa "Matokeo" akaandika: Mashine ni nzima. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeweka nukta na kuitia fomu kwenye bahasha, maana kamati iliuliza swali moja na jibu limepatikana. Lakini mjuaji hawezi kuacha nafasi tupu kwenye karatasi. Akaongeza mstari wa pili ambao hakuna aliyemwomba: Kasoro itafutwe kwa mtumiaji. Akatia sahihi, na sahihi yake ina mkia mrefu.

Jioni mkewe, ambaye ni fundi cherehani na alikuwa na pini tatu mdomoni, alimuuliza kama ameipima vizuri ile mashine ya mdogo wake.

"Nimeipima kama ninavyopima zote."

"Hilo ndilo linalonipa wasiwasi, Baba Pacha." Akatoa pini mdomoni. "Huyo mtoto nimemlea mimi. Ana mkopo wa nini sijui, ana nyumba ya kupanga, hana mtu nyuma yake. Kama kuna kitu hujakiangalia, kakiangalie."

"Mimi sipimi kwa machozi," alijibu, akaomba chumvi.

Jumatano ripoti ikapelekwa hospitali, siku ikapita. Lakini kuna neno lilikuwa limemkwama kooni, na tusimsingizie kwamba ni dhamiri. Kilichomuudhi ni kwamba mpokea vichupa, mtu anayepiga printa kofi, alikuwa ameinama juu ya karatasi yake na kuikosoa. Na Spana alisikia. Alhamisi mchana akaamua kumkomesha. Angeuzungusha ule msimbo, angeulaza kama anavyotaka yeye, angeuchapa kwa kasi ileile ya maabara, baada ya lebo mia na hamsini ili mashine iwe moto kama alivyodai, skana ingelia "pii", kisha angeipeleka karatasi hiyo nyumbani na kuiweka mezani mbele ya dada mtu. Asirudie tena, yeye na kiganja chake.

Printa ya hospitali bado ilikuwa rafuni. Akaiwasha. Ikachapa lebo mia na hamsini, zikarundikana sakafuni kama maganda. Ya mwisho akaichana, akaiweka chini ya skana.

Skana haikulia.

Akaifuta skana. Akajaribu tena. Akachukua kioo cha kukuzia, akaona. Milia ilikuwa imevimba. Kila mlia mweusi ulikuwa umeburuta weusi wake kuingia kwenye weupe uliofuata, na ile nafasi nyembamba, ambayo skana huitegemea kama msomaji anavyotegemea nafasi kati ya maneno, ilikuwa imezibika. Profesa si mjinga, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Alielewa mara moja. Mlia unaosimama huchapwa na nukta zilezile tangu juu hadi chini; zilizo na moto zinabaki na moto, jirani zake zinabaki baridi, hakuna tatizo. Mlia unaolala unataka nukta zote ziwake kwa pamoja na kupoa kwa pamoja, tena upesi, kabla karatasi haijasogea. Kichwa kilichozeeka kikishapata moto hakipoi kwa wakati. Miraba yake ya drafti ilikuwa mikubwa mno kulionyesha hilo. Ile mistari yake myembamba yote ilikuwa imesimama. Matoleo kumi na moja, na katika yote hakuna mstari mmoja mwembamba uliolala, kwa sababu lebo za bei dukani milia yake husimama, naye hakuwahi kumuuliza mtu yeyote nje ya duka anachapa nini.

Spana alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Aliichukua lebo, akaitazama, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa alasiri.

"Mpigie shemeji yako," alisema. "Au wapigie hospitali. Waambie ripoti imefutwa."

"Niwapelekee nini? Hiki kipande?"

"Si ndiyo ushahidi wenyewe."

"Hii si karatasi ya kupeleka mbele ya kamati. Haina kichwa, haina vipimo, haina toleo." Profesa alikuwa ameshaanza kufungua kompyuta. "Kamati inakaa kesho saa nne. Nitatengeneza Toleo la Kumi na Mbili. Nitawapelekea mwenyewe, nitawaeleza kitaalamu. Kihuni sifanyi kazi."

"Simu haihitaji toleo."

"Spana, fanya yako."

Akafanya yake. Profesa alikaa pale hadi jioni, akilaza mistari, akipima unene wake, akitafuta mahali pa kuuweka msimbo wa pili. Na kadiri alivyochora ndivyo kosa lilivyoanza kubadilika sura kichwani mwake. Saa tisa lilikuwa kosa. Saa kumi na moja likawa pengo katika taaluma. Kufika saa kumi na mbili lilikuwa ugunduzi, naye ndiye mgunduzi. Simu ilikuwa mfukoni muda wote huo, imejaa chaji.

Nyumbani alimkuta shemeji yake. Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula pamoja na dada yake, vipande vya kitambaa vimesukumwa pembeni, anaandika barua ya kujitetea. Macho yalikuwa mekundu lakini mwandiko ulikuwa umenyooka.

"Baba Pacha, hebu mwangalizie," mkewe alisema. "Wewe unajua barua za ofisi."

Hapa ndipo palikuwa pa kusema. Maneno matatu tu yangetosha, na chai ilikuwa mezani. Lakini angesema nini mikono mitupu, mbele ya wanawake wawili ambao wangeishika ile habari na kuipigia kelele kabla karatasi haijakamilika? Kesho angeingia chumba cha kamati na Toleo la Kumi na Mbili, na hata shemeji mwenyewe angeshangaa. Alijiambia kwamba atamfurahisha. Akavuta kiti, akachukua kalamu.

Akarekebisha tarehe. Akamwambia "waheshimiwa wajumbe" ianze mstari mpya. Kisha akafika mahali palipoandikwa, "Nadhani mashine ilikuwa na tatizo, ingawa fundi amesema ni nzima."

"Hii 'nadhani' haifai," alisema. "Barua ya kujitetea haidhani."

"Niandike nini basi?"

"Kama huna uthibitisho, usiandike."

Mwanamke aliitazama ile sentensi kwa muda. Kisha akaikata kwa mstari mmoja, akanakili barua upya kwenye karatasi safi bila hiyo sentensi. Profesa aliiona ikiondoka. Alikula, akawatakia usiku mwema, akalala usingizi mzuri.

Ijumaa alifika karakana saa moja na nusu. Saa mbili Toleo la Kumi na Mbili lilikuwa tayari, na kutoka pale hadi hospitali ni mwendo wa nusu saa kwa miguu ya polepole. Lakini kichwa cha habari kilikuwa kimeegemea kushoto kidogo. Akakirekebisha. Kilipokaa sawa, fremu ikaonekana nzito. Akaipunguza. Kisha akafikiri kwamba wajumbe si mafundi, akaongeza mishale na maelezo mafupi. Spana alimwambia ni saa tatu. Alimwambia tena ni saa tatu na nusu, akamwambia pia kwamba kama hatoki atakwenda yeye, na Profesa akamjibu kwamba hawezi kwenda na karatasi ambayo haijatiwa sahihi. Saa nne kasoro dakika tano akaitia sahihi, kwa ule mkia. Akaiweka ndani ya bahasha ngumu isije ikakunjika, akatoka.

Alifika saa nne na nusu. Kwa hesabu yake kamati ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, kwa kuwa alidhani mambo ya kitaalamu huchukua muda. Alikuta wajumbe wanatoka wakiongea habari nyingine. Kikao kilikuwa kimechukua dakika ishirini.

Katibu wa kamati, mwanamke mnene mwenye mafaili kifuani, alimsikiliza akiwa amesimama. Aliichukua karatasi, akaitazama juu hadi chini, mishale na yote.

"Wewe ndiye uliyeandika ile ripoti?"

"Ndiyo. Lakini katika toleo hili jipya utaona kwamba..."

"Ripoti yako ndiyo iliyotufanya tumalize mapema. Mashine ni nzima, kasoro itafutwe kwa mtumiaji. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akasema hapa hakuna cha kujadili. Na barua yake mwenyewe haikuitaja mashine kabisa. Tukaona basi, amekubali." Akamrudishia karatasi. "Uamuzi umeshaandikwa. Akate rufaa, ana siku thelathini. Rufaa zetu, mimi sikudanganyi, hukaa miezi."

Shemeji alikuwa chumba cha mwisho cha korido, kile cha kupokelea sampuli. Alikuwa ameshakabidhi kitambulisho na funguo za friji. Sasa alikuwa akipanga vitu vyake kwenye mkoba: kikombe, sweta, viatu vya kazi vilivyofungwa kwenye gazeti. Profesa alisimama mlangoni. Akanyoosha tu mkono wenye karatasi.

Shemeji aliipokea. Hakuwa fundi, lakini miaka kumi na minne alikuwa ameitazama milia hiyo kila siku, na hakuhitaji mishale. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye msimbo wa pili, ule uliolala, weusi wake umevimba na kushikana.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndivyo inavyokuwa. Hivi hivi."

"Ulikuwa sahihi, shemeji. Nimekuja kuwaambia. Nimechelewa kidogo."

Akaendelea kuitazama. Aliona tarehe, aliona kichwa kilichokaa katikati kabisa, aliona fremu. Kisha akainua macho.

"Ulijua lini?"

Profesa alifungua mdomo aseme leo asubuhi. Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, na hakuna ambaye angemkatalia. Lakini miaka yote amezoea kujibu swali la kipimo kwa saa na dakika.

"Jana," alisema. "Saa tisa alasiri."

Mwanamke alihesabu saa kichwani.

"Kwa hiyo jana jioni, ulipokuwa unanisahihishia barua, ulikuwa unajua."

"Nilitaka kwanza karatasi ikae vizuri."

Shemeji aliikunja ile karatasi mara nne, akakandamiza kila mkunjo kwa ukucha, akaitia mkobani juu ya viatu. Akavaa mkoba begani, akaja hadi mlangoni, akasimama mbele yake.

"Nipishe," alisema.